Machinjio yamechimbiwa shimo. Visima vyetu je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaulize madiwani na wakurugenzi wa halmashauri za Lindi na Mtwara swali ambalo kwenye vikao vyao sijalisikia likiulizwa. Hilo shimo la machinjio mnalojivunia, toka kitako chake mpaka yalipo maji ya ardhini ni mita ngapi?

Mimi ni fundi wa kuchimba visima. Kazi nilirithishwa na mjomba, enzi tunachimba kwa sururu na kushusha karavati kwa kamba, vijana sita wakivuta na mmoja akiongoza wimbo. Siku hizi magari ya kuchimbia yanafika mpaka vijijini, na nashukuru, lakini gari likishachimba kisima kirefu linaondoka. Wenye visima vifupi wanabaki na fundi wao. Ukienda Mtama, Ruangwa, Nachingwea au upande wa Ndanda utakuta kaya nyingi bado zinateka humo, hata zenye bomba uani, maana bomba lina siku zake. Kwa hiyo ninaposema habari za udongo wa kusini nasema kitu nilichokikanyaga.

Kisa chenyewe kimetokea kwenye mji mdogo kando ya barabara ya Lindi kwenda Masasi. Sitautaja. Nikiutaja, watu wa miji mingine watasoma na kushusha pumzi, wakati hali yao ni ile ile. Pale wananchi walilalamikia machinjio kwa muda mrefu: harufu, inzi, kunguru, mbwa wanaoburuza utumbo mpaka uani kwa watu. Damu na maji ya kuoshea vilikuwa vinateremka kwenye mfereji wa udongo mpaka bondeni kwenye bustani za mchicha. Malalamiko yakapanda toka kitongoji hadi kata, toka kata hadi halmashauri, na safari hii, Mungu awabariki, likafanyika jambo. Likachimbwa shimo. Kina chake ni kimo cha watu wawili na zaidi, juu limefunikwa kwa zege, mfereji ukaelekezwa humo. Harufu ikapungua. Mbwa wakahama. Kwenye mkutano wa hadhara watu wakapiga makofi.

Kabla halijachimbwa niliitwa nitoe bei, nikaenda kuiona ardhi. Pale juu kuna mchanga mwekundu mwepesi, ule ambao mikorosho inaupenda. Ukishuka kama mita moja na nusu unakutana na mchanga mweupe wenye punje kubwa, mkavu, unaoporomoka ukiugusa tu kwa koleo. Mfinyanzi hakuna. Nilimimina ndoo ya maji kwenye kishimo cha majaribio, na kabla sijaiweka ndoo chini maji yalikuwa yameshazama. Nikamwambia msimamizi, "Mzee, shimo la hapa halitajaa." Akafurahi. Nikamwambia hiyo si habari njema. Akacheka: "Fundi, si ndicho tunachotaka? Likijaa nani atalinyonya? Gari la kunyonya mpaka litoke mjini." Mwisho kazi ikaenda kwa kijana mwenye bei ya chini kuliko yangu, na sina kinyongo naye. Alichimba alichoambiwa achimbe.

Ila hapo kwenye shimo kutojaa ndipo penye hoja yangu yote. Huku kwetu shimo lisilojaa linasifiwa. Fundi wa choo akikuambia "hili hutalizibua maisha yako yote," unamwongezea chai. Lakini kile kinachoingia kinakwenda wapi? Ng'ombe wetu wa kienyeji akichinjwa anatoa damu lita nane mpaka kumi, na tumboni mwake inatoka samadi mbichi kati ya kilo 20 na 40. Ongeza maji ya kuoshea sakafu na utumbo. Oktoba mpaka Desemba, malipo ya minada ya korosho yakishaingia, watu wana hela; bucha iliyokuwa inauza ng'ombe mmoja kwa siku mbili inammaliza kabla ya adhuhuri, na likizo ya Desemba ina harusi zake na shughuli za unyago. Vyote hivyo vinaingia shimoni na shimo halijai. Halijai kwa sababu linavuja, na linavuja kuelekea upande mmoja tu, chini.

Na damu si ya kulinganishwa na maji ya kuogea. Wataalamu wanaupima uchafu wa maji kwa kuangalia ni oksijeni kiasi gani inayotumika unapooza. Kanuni zetu za ubora wa maji za mwaka 2007 zinaruhusu majitaka kuachiwa kwenye mazingira yakiwa na miligramu 30 za kipimo hicho kwa lita. Damu ghafi inapita miligramu 100,000. Piga hesabu mwenyewe: lita moja ya damu inataka zaidi ya lita 3,000 za maji safi kuizimua mpaka ifike kwenye kiwango. Ng'ombe mmoja tu wa lita kumi za damu, matangi sita ya lita 5,000 hayatoshi.

Sasa nieleze jambo ambalo mchimba visima analijua kwa kazi ya mikono yake, na ambalo aliyeko ofisini anaweza kulisahau. Maji ya ardhini hayakai mahali pamoja. Yanapanda na kushuka kwa majira. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, unaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei mwanzoni. Sisi tunachimba visima Septemba na Oktoba kwa makusudi, maji yakiwa yameshuka kabisa, ili kisima kisije kukauka mwaka wa kiangazi kikali. Mashimo ya taka nayo yanachimbwa miezi hiyo hiyo, kwa sababu udongo ni mkavu na kazi ni rahisi, na hapo ndipo hesabu inapopinda. Mwenye kisima anafaidika kuchimba kiangazi. Mwenye shimo la taka anajidanganya. Oktoba anaona kitako kikavu, anaandika kwenye ripoti kwamba maji yako mbali. Aje Machi. Visima vya bondeni ninavyovipima kwa kamba vinapanda mita tatu, vingine nne, kati ya mwisho wa kiangazi na mwisho wa mvua. Kitako kilichokuwa juu ya maji kinajikuta ndani ya maji. Hapo hakuna tena mchanga wa kuchuja chochote, damu na samadi vimeshaingia kwenye maji yale yale tunayoteka.

Kanuni tuliyofundishwa mafundi, na ambayo mashirika ya misaada yanaitumia hata kwenye kambi za wakimbizi, ni kwamba shimo la choo likae angalau mita 30 toka kwenye kisima, na kitako chake kiwe angalau mita moja na nusu juu ya maji. Tena maji yakiwa yamepanda, si yakiwa yameshuka. Hiyo ni kwa choo cha familia. Kwa machinjio sijawahi kuona mtu akishusha kamba.

Chini ya mteremko wa machinjio yale, hatua mia moja na ushee, kuna kisima cha bibi mmoja ambacho nilikijenga upya mimi mwenyewe. Baada ya mvua za kwanza tangu shimo lichimbwe aliniita. "Fundi, mwanangu, njoo uyaone maji yako." Akateka ndoo mbele yangu. Maji meupe, ukiyatazama huna la kusema. Akaniambia nikae kwanza, akaniletea muhogo na chai, na ile chai ilikuwa nyeusi yenye utando unaong'aa juu, ingawa majani aliyotia nilimwona, ni kidogo. Tulipomaliza tukarudi kwenye ndoo. Maji yalikuwa yameshafanya wingu la rangi ya kahawia, na nilipopitisha kidole kwenye ukuta wa ndoo kilitoka na ute. "Shuka zangu nyeupe zimekuwa za kaki," akasema, "na asubuhi nikikifunua kisima kinanuka yai viza. Marehemu mzee alikunywa maji haya miaka yote, hayakuwa hivi."

Binti yangu amesomea kazi za maabara, ndiye aliyenifafanulia. Uchafu wa damu na samadi ukishuka ardhini unaliwa na vijidudu, vijidudu vinamaliza oksijeni iliyomo kwenye maji, na maji yaliyokosa oksijeni yanayeyusha chuma kilichomo kwenye mchanga. Yakitekwa ni meupe. Yakikutana na hewa, chuma kinageuka kutu. Nakiri kwamba chuma kwenye visima vya huku kipo hata pasipo machinjio, kwa hiyo ndoo ile peke yake haitoshi kumhukumu mtu. Inatosha kabisa kumfanya mtu apime. Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji hapo Mtwara, si safari ya mwezini. Lakini kisima cha bibi si cha serikali, hakimo kwenye orodha ya mtu yeyote, na yeye hajui hata kwamba kuna mahali pa kupeleka chupa.

Nilimuuliza binti yangu kama kuchemsha kunatosha. Akasema kuchemsha kunaua vijidudu, na hilo bibi aendelee nalo. Ila nitrojeni ya damu na samadi ikishaoza inageuka naitreti, nayo haina rangi, haina harufu, haina ladha, na haifi kwa moto. Ukiyachemsha maji yakapungua sufuriani, naitreti inabaki yote ndani ya maji machache zaidi. Haichujwi na mchanga pia, inakwenda yanakokwenda maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, na kikomo hicho kimewekwa hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo: damu yao inashindwa kubeba oksijeni, midomo inakuwa ya bluu. Kwenye ua wa bibi nilihesabu vitukuu watatu, mmoja bado anatambaa.

Na kuna hili ambalo lingechekesha kama si afya za watu. Nyama ya machinjio yale inakaguliwa. Bwana mifugo anafika alfajiri, anapasua ini, anaangalia mapafu, anapiga mhuri. Anafanya kazi yake vizuri, nimemwona. Halafu nyama ile yenye mhuri inaoshwa kwa maji ya kisima kilicho ng'ambo ya uzio, kwenye mchanga ule ule wa shimo lile.

Pengine msomaji wa mjini anaona haya ni ya vijijini. Mji wa Lindi unakunywa maji ya visima vya Ng'apa. Mtwara mjini inategemea visima vya Mtawanya. Masasi na Nachingwea wanapata maji ya chemchemi ya Mbwinji. Newala na Tandahimba, kule juu ambako mchanga wa Makonde unameza mvua yote na kina mama walikuwa wakishuka bondeni usiku kwa usiku kutafuta ndoo moja, maji yanapandishwa kwa pampu toka visima vya Mitema kwenye bonde la Kitangari. Ukiacha mito yetu michache, kusini yote inakunywa toka chini ya miguu yake. Na ardhi yenyewe ni mchanga, au karibu na pwani ni mawe ya matumbawe na chokaa yenye nyufa, ambayo ni mabaya zaidi, kwa sababu kwenye ufa maji machafu hayachujwi hata kidogo. Nimewahi kuchimba karibu na Mikindani nikaona mzizi wa mti umeufuata ufa wa jiwe mpaka kwenye maji. Panapopita mzizi na damu inapita.

Kuhusu magonjwa, tuwe waangalifu tusiseme ovyo. Mtaani kila kuhara ni kipindupindu, na kila kipindupindu kinasingiziwa machinjio, wakati kipindupindu kinatokana na kinyesi cha binadamu. Vya ng'ombe ni vingine: salmonela, ile E. koli mbaya inayoharibu figo za watoto, na bakteria wa homa ya mgunda. Watu wa Ruangwa hawahitaji kukumbushwa hiyo ya mwisho. Julai 2022 watu walianza kuugua homa na kutokwa damu puani, nchi nzima ikashituka, na Waziri wa Afya wa wakati ule, Ummy Mwalimu, akaja Lindi kutangaza kwamba ni homa ya mgunda. Wagonjwa 20 walikuwa wamepatikana na 3 wamefariki. Ugonjwa huo unapita kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, ukiingia kwenye maji au tope. Sisemi machinjio ndiyo yaliyoleta yale ya Ruangwa, hakuna aliyesema hivyo. Ninasema mkoa uliopata onyo la namna ile ulitakiwa uwe wa kwanza nchini kujua mkojo na damu ya mifugo yake inaishia wapi.

Anayedhani hofu hii ni ya nchi maskini asome habari za Walkerton, mji mdogo wa Ontario huko Kanada, wenye watu kama 5,000. Mei 2000 ilinyesha mvua kubwa, samadi ya ng'ombe iliyotandazwa kwenye shamba ikaingia kwenye kisima kifupi cha mji kilichochimbwa kwenye miamba yenye nyufa. Watu zaidi ya 2,300 waliugua, 7 wakafa. Ikaundwa tume chini ya Jaji Dennis O'Connor. Wahusika wa maji walikutwa hawakutia klorini inavyotakiwa na walikuwa wanajaza takwimu za uongo. Lakini kilichonigusa mimi ni habari ya mwenye shamba: tume ilimwona hana kosa, alikuwa ameitumia samadi yake kwa utaratibu unaokubalika. Kisima ndicho kilichokuwa mahali pabaya, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kutazama kisima na shamba kwa pamoja. Mwaka 2006 Ontario ikatunga sheria ya kulinda vyanzo vya maji, kila chanzo kichorewe eneo lake na shughuli zilizomo zidhibitiwe. Hata kwetu bwana mifugo anatazama nyama, bwana afya anatazama vyoo, RUWASA, wale wakala wa maji vijijini, wanatazama miradi yao, na katikati yao kuna shimo ambalo kila mmoja anadhani ni la mwenzake.

Sheria hatujaikosa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zenye kuharibu ndani ya mita 60 toka kwenye mto, bwawa au ufukwe, na kila mwenyekiti wa kijiji anaijua hiyo namba. Tatizo ni kwamba watu wameishika kama ndiyo yote. Machinjio yako mita 70 toka mtoni, basi, yamefuzu. Hizo ni mita za mlalo, hazikuambii chochote kuhusu mita za kwenda chini. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inataka kibali cha kutiririsha majitaka, na kibali hicho kinatolewa na bodi ya maji ya bonde. Sisi tuko Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, na makao ya bodi yako Mtwara. Halmashauri nazo zina uwezo wa kutunga sheria ndogo tangu mwaka 1982. Naziomba zitunge hii moja: asichimbe mtu yeyote, wala halmashauri yenyewe, shimo la machinjio lisilojengewa kitako na kuta, na kina cha maji kipimwe mwezi Machi au Aprili, siyo Oktoba.

Najua swali litakalofuata, hela zitoke wapi. Kwanza kazi kubwa haihitaji hela nyingi. Damu ikikingwa kwenye ndoo wakati wa kuchinja badala ya kuachwa imwagike sakafuni, umeshapunguza sehemu kubwa ya balaa. Samadi ya tumboni ikikokotwa kwa koleo ikiwa kavu kabla ya kumwaga maji, umepunguza tena. Vijana wanaofanya kazi pale waliniambia wanamwaga maji kwanza kwa sababu inakwenda haraka na wateja wanasubiri. Samadi hiyo ikichanganywa na majani makavu na pumba za mpunga ikarundikwa na kugeuzwa, inapata joto lake. Ikipita nyuzi 55 kwa siku kadhaa vijidudu vingi vinakufa, na baada ya miezi mitatu kina mama wa bustani za mchicha wataigombania. Damu nayo inaingia humo humo, kidogo kidogo. Kwa maji ya kuoshea yanayobaki ndipo linahitajika tanki la zege la vyumba viwili lisilovuja, kisha bwawa dogo lililotandikwa plastiki na kupandwa matete. Wenye mifugo ya kutosha wajenge mtambo wa biogesi, CAMARTEC, kituo cha teknolojia za vijijini pale Arusha, wameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi.

Zege linahitaji hela, sikatai. Lakini kila ng'ombe anayeingia pale analipiwa ushuru, na ushuru unaingia kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, na huko unakwenda kulipa posho na mafuta. Sehemu yake irudi ulikotoka. Wenye mabucha wameniambia nyama itapanda bei. Huenda ikapanda kidogo. Maji ya kununua kwa dumu kipindi kisima kimeharibika yanapanda zaidi, na hayo yananunuliwa na watu ambao nyama wanaila Idi na Krismasi.

Niliweke wazi na hili, maana najua barua za namna hii zinavyosomwa. Siwasemi wafugaji. Tangu mwaka 2006 na 2007, walipoondolewa bonde la Usangu huko Mbarali na wengine kuletwa Lindi, kila jambo baya huku limebandikwa kwao. Ng'ombe anayelala porini akichunga na kuhama anaitandaza samadi yake mwenyewe kwenye eneo kubwa, ardhi inaimeza bila shida. Shida ni ya kurundika. Zizi lililo juu ya kisima, josho ambalo dawa yake kuukuu inamwagwa kando likisafishwa, banda la nguruwe lililobanana na nyumba upande wa Masasi, na sisi wa mjini wenye kuku 500 kwenye uwanja wa kuegesha baiskeli. Sheria ndogo ikija itukute wote.

Bajeti za halmashauri zinajadiliwa miezi hii ya mvua na mwaka mpya wa fedha unaanza Julai. Muda umekaa vizuri. Naomba kila halmashauri ya Lindi na Mtwara itume mtu kwenye visima vyote vilivyo chini ya mteremko wa machinjio yake, vya watu binafsi vikiwemo, ashushe kamba, aandike kina, ajaze chupa ziende maabara, na arudi tena Oktoba kufanya vivyo hivyo. Majibu yabandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji, pale yanapobandikwa majina ya wadaiwa wa michango. Kama hawana mtu wa kamba, mimi ninayo, na namba yangu mhariri anayo.

Fundi visima,
Lindi
(Jina langu kamili nimempa mhariri.)